Nani ashaona tulipi ikitoa ua hapa Goma? Zangu ni majani tu

MamaKyeshero (Goma)
Salama wote. Swali yangu ni ya watu wa maua, wenye maharagi na mihogo mupite polepole musinicheke. Shangazi yangu wa Bruxelles alikuja na mufuko wa vitunguu vya maua, tulipi, narsisi na jasinti, vile vya Uholanzi vyenye picha nzuri juu ya karatasi. Nikapanda mu parsele mwezi wa kumi na moja, udongo muzuri mweusi tulileta na kamyo toka Sake juu kwangu ukichimba kidogo tu unagonga makoro, yale mawe ya volkano. Majani ikatoka, kijani, nene, nikapiga picha nikatuma Bruxelles, shangazi akaonyesha majirani wake wote. Kisha njo basi. Hakuna ua. Moja ilijaribu, ikatoa kitu kama kidole cha mtoto, imejificha kati ya majani pale chini karibu na udongo, ikakauka mbele ya kufunguka.

Jirani anasema ni moshi ya volkano yetu Nyiragongo. Bwana yangu anasema nilipanda kichwa chini. Shangazi anasema Goma kuko baridi, haoni shida iko wapi.

Na kitu cha pili kinanisumbua hata zaidi: rozi zangu ziko pale pale kando, majani safi kabisa, na dada yangu wa Bukavu kila mara analia na madoa meusi, majani inageuka manjano, inaanguka, mti unabaki miiba. Na rozi yake na yangu zote tulikata ku mti moja wa mama yetu. Sasa nani anielezee.

Bana_Birere (Goma)
Vitunguu vinapanda ndege toka Ulaya halafu unavifukia mu udongo? Mama ungetia mu samaki tungekuja kula wote.

MwalimuKadutu (Bukavu)
@MamaKyeshero mume wako umwambie apumzike. Tulipi hata ukiipanda kichwa chini inajigeuza, chipukizi linazunguka kitunguu na kupanda juu, linachelewa tu. Shida yako ni baridi. Asili ya tulipi ni milima ya Asia ya Kati, huko theluji inafunika udongo. Kitunguu chake kinahitaji wiki 12 hadi 16 hivi chini ya digrii 9 ndipo shina lirefuke. Bila hiyo baridi ua limo ndani lakini hakuna wa kulisukuma juu, ndiyo maana umeona kile kitu kifupi kati ya majani. Shangazi hajadanganya, Goma kuna baridi, ila ni baridi ya koti, si ya tulipi. Usiku wetu ni digrii 14, 15.

Kijana_Ndosho (Goma)
Digrii 14 wapi mwalimu, mi nalala na blanketi mbili. Na je Kibumba? Kule asubuhi ukiongea moshi inatoka mu kinywa.

MwalimuKadutu
Kibumba ni juu zaidi, nakubali, lakini asubuhi moja si miezi mitatu. Ukitaka hapa Kivu baridi ya tulipi bila umeme, panda Nyiragongo mpaka juu, meta 3,470. Halafu uniambie nani ataenda kumwagilia.

Bana_Birere
Pale juu kuko baridi mu kichwa na moto chini ya miguu, tulipi itashindwa kujua iko mu inchi gani.

MwanaKatuba (Lubumbashi)
Benye ku Kivu munajichokesha bule. Mukuye huku Lubumbashi mu mwezi ya saba, asubui unawasha makala mbele ya kunawa uso, kuko siku inashuka mpaka digrii 7. Shemeji yangu wa mtaa wa Golf alipanda narsisi mu mwezi ya tano, ikatoa maua muzuri sana. Tulipi ajajaribu lakini mi minaamini itatoka.

Mzee_Makomeno (Lubumbashi)
@MwanaKatuba narsisi gani? Kama ni ile nyeupe, maua madogo mengi ku kijiti kimoja, harufu kali mpaka kichwa kinauma, ile haidai baridi hata kidogo, inatoka pande za Mediterania, hata mu glasi yenye mawe na maji inachanua. Ile ya manjano yenye tarumbeta kubwa njo inadai. Na usisahau huku mchana wa mwezi wa saba jua linapiga digrii 25, udongo unashika joto, kwenye kina cha kitunguu baridi ya alfajiri haifiki vizuri. Tulipi inahesabu wiki, haihesabu asubuhi.

MwanaKatuba
Ilikuwa nyeupe. Lakini ya tulipi minaamini tu.

FundiHimbi (Goma)
Mimi nafanya bustani za watu kandokando ya ziwa, kuko wageni wa mashirika wanaagiza hizi vitu. Njia ni frigo. Unaweka vitunguu mu mufuko ya karatasi ao ya wavu, apana plastiki ya kufunga juu itaoza, unaweka chini kabisa fasi ya mboga, digrii 4 ao 5, miezi tatu na zaidi. Apana mu konjelateri, ikiganda inakuwa uji. Siku unatoa njo siku unapanda, mu chungu, fasi yenye haipate jua kali ya mchana, shimo la mara tatu ya urefu wa kitunguu.

Na kitu batu mingi hawajue: usiweke pamoja na matunda. Maapo (tufaha), ndizi, avoka, zikiiva zinatoa gesi inaitwa etileni, ile gesi inaua ua ndani ya kitunguu wakati bado mudogo. Kwa inje unaona kitunguu kizuri, kigumu, unapanda, unapata majani unaanza kushitaki volkano.

YayaNguba (Bukavu)
Frigo miezi tatu? Na hii umeme yetu? Frigo yangu mi natunziamo sahani.

Tantine_Panzi (Bukavu)
Na frigo yenye haina ndizi wala avoka ni frigo ya nini sasa 😂

FundiHimbi
Umeme ikikatika masaa haina shida kama haufungue mulango kila saa. Ikikatika siku na siku, pale umepoteza. Na mtu ajue mbele ya kutoa makuta yake: ni ua moja, mara moja. Mu inchi ya joto kitunguu cha tulipi hakirudie vizuri mwaka unaofuata, unatupa unanunua ingine. Mi wateja nawaambia wazi, kuko wenye wanalipa ivyo ivyo.

MamaKyeshero
Aksanti Fundi, aksanti Mwalimu. Yaani miezi tatu bila ndizi juu ya ua la wiki moja. Shangazi nitamwambia nini?

Kijana_Ndosho
Umutumie picha ya ku intaneti, na kule atatuma majirani.

MwalimuKadutu
@MamaKyeshero kama kuna kitunguu ambacho hukupanda, kikate katikati na kisu, toka juu mpaka kwenye kitako. Utaona magamba meupe manene yamekumbatiana, na katikati kabisa kijiti kidogo cha kijani-manjano. Kifungue kwa ncha ya sindano: petali sita zimekunjwa, na ndani yake vile vijiti sita vya chavua, vyote vimekamilika, mdogo mdogo. Ua hutengenezwa ndani ya kitunguu wakati wa joto kule Uholanzi kabla hakijauzwa. Ukiona katikati pamekauka pakawa kahawia, basi kilikufa kabla ya kufika kwenye udongo wako na Goma haina kesi.

MamaKyeshero
Nilibaki na vichache mu mufuko. Nimekata viwili saa hii ku meza. Magamba ni meupe, hata yanatoa maji, lakini pale katikati ni kahawia, kavu, ukigusa inasagika ku kidole. Vyote viwili.

FundiHimbi
Njo ile. Etileni. Ulize shangazi alitia nini ingine mu valizi.

MamaKyeshero
Chokoleti, viatu vya watoto, na maapo. Maapo mingi.

Bana_Birere
Shangazi mwenyewe njo muuaji 😭😭

Mzee_Makomeno
Pole pole jamani. Safari ya ndege ni siku moja, mbili. Na hivyo vitunguu vimekaa mu mufuko ndani ya nyumba toka mwezi wa kumi na moja mpaka leo bila baridi na bila udongo. Hata bila apo lolote ua la ndani lingekauka. Ya leo haituonyeshe vile ilikuwa siku ya kupanda.

FundiHimbi
Mzee, na mbele ya ndege vilikaa wapi? Ku jikoni ya Bruxelles kando ya maapo labda mwezi muzima.

MwalimuKadutu
Hata vingefika vizima visingetoa ua hapa bila baridi. Maapo au bila maapo.

Tantine_Panzi
Mimi ni muuguzi naomba niingilie kidogo juu ya ile mzaha ya samaki. @Bana_Birere narsisi na amarilisi ni sumu, zina kitu kinaitwa likorini, mtu akipika vitunguu vyake akifikiri ni vya kula anatapika mpaka anaishiwa maji. Kwa nyumba yenye watoto ao mboyi (mfanyakazi) mpya mu jikoni musiweke ile mifuko kando ya vitunguu vya kweli. Kwa umbo vinafanana kabisa.

Bana_Birere
Na tulipi?

MwalimuKadutu
Tulipi watu walikula. Uholanzi, ile baridi ya njaa ya 1944 kwenda 1945, Wajerumani walikuwa wamefunga njia za chakula, watu wakachemsha vitunguu vya tulipi, na walikuwa wanatoa kile kiini cha katikati kwanza. Si kwamba vilikuwa vitamu. Na nchi hiyo hiyo mnamo 1637 watu walikuwa wanaahidi bei ya nyumba nzima juu ya kitunguu kimoja, bei ikaanguka mwezi wa pili, wakabaki wanaangaliana.

Kijana_Ndosho
Watu wa Goma na vitunguu, wa Uholanzi na vitunguu, tofauti ni frigo.

Mzee_Makomeno
Mimi sielewe kwa nini mtu wa Congo ajiumize na tulipi. Vitu vya kitunguu vya kwetu viko. Glayeli ya mwitu, ile ya rangi ya machungwa na manjano, inaota yenyewe mu miombo huku Katanga, na kuko nyingine nyingi tu Afrika hii yote. Zile glayeli kubwa za Ulaya mnazonunua kwa harusi, mmoja wa wazazi wao ni ile ile ya mwitu. Halafu kuko lile ua kama mupira mwekundu, mvua ya kwanza ikigonga, mwezi wa kumi, wa kumi na moja, inatoka mu udongo kichwa mbele, hata majani haijakamilika, duara nzima nyekundu yenye nyuzi nyingi. Haidai frigo. Inadai tu kiangazi ilale, na ukiimwagilia wakati imelala unaiozesha.

FundiHimbi
Kweli. Mi kwa mteja mwenye haraka naweka amarilisi, arumu, agapanti, dalia. Arumu na agapanti zinatoka Afrika Kusini, dalia Mexico, amarilisi Amerika Kusini, hakuna inayolia na theluji. Amarilisi unaacha shingo yake inje, nusu ya kitunguu juu ya udongo, batu wanazika yote njo maana inaoza.

YayaNguba
Sawa tulipi tumezika. Turudie ku rozi juu mimi njo yenye iko inaniuma. Niko Nguba, udongo mwekundu, muteremko, rozi sita kando ya ukuta. Masika ikianza majani ya chini inatoa madoa meusi yenye pembeni imechanika chanika, inazungukwa na manjano, wiki inayofuata imeanguka. Na Goma hawana. Niko natafuta jibu toka zamani.

Kijana_Ndosho
Jibu ni makoro. Lava ya Nyiragongo iko na potasi mingi sana, mti unakula unashiba, ugonjwa unapita kando. Bukavu mumebaki na udongo mwekundu umechoka, umeoshwa na mvua.

MwalimuKadutu
Potasi inasaidia mti, lakini yale madoa ni kuvu na kuvu huyu haulizi udongo, anauliza maji juu ya jani. Mbegu yake inahitaji jani libaki limelowa masaa 7 hivi mfululizo, joto likiwa digrii 18 mpaka 24, ndipo iingie. Hiyo ndiyo hali ya hewa ya Bukavu nusu ya mwaka. @YayaNguba unamwagilia saa ngapi?

YayaNguba
Jioni nikitoka kazi, na mupira wa maji, juu juu.

MwalimuKadutu
Basi unamwekea kitanda alale. Mwaga asubuhi, chini kwenye shina, usiguse majani.

YayaNguba
Masika simwagilie kabisa mwalimu, Mungu anamwagilia, na Mungu anamwagilia jioni.

Tantine_Panzi
Amen 😂

FundiHimbi
Mimi naona mawe. Ile kuvu haisafiri na upepo sana, inasafiri na matone. Mvua inapiga jani lenye limeanguka chini, tone linaruka na mbegu ya ugonjwa, linagonga jani la chini, kisha la juu. Njo maana inaanzaka chini. Hapa Goma karibu bustani zote chini ya rozi kuko ile changarawe nyeusi ya makoro, maji inapita, hairuki. Bukavu ni udongo mutupu, kila tone linaruka na tope. @YayaNguba weka changarawe ao majani makavu ya ndizi unene wa vidole vine, uokote kila jani lenye doa uchome, usitie mu mbolea.

MamaKyeshero
Kweli kwangu chini ni changarawe. Lakini dada yangu aliweka majani makavu mwaka jana na madoa ilirudi.

Mzee_Makomeno
Mnasahau jambo moja na yule jirani mliyemcheka mwanzoni ana nusu ya haki. Moshi. Kiberiti njo dawa ya zamani ya kuvu za rozi, unga wake wa manjano unauzwa mpaka leo. Uingereza, wakati miji ilikuwa imejaa moshi wa makaa ya mawe, rozi za mjini hazikuwa na madoa meusi, za vijijini ndizo zilikuwa nayo. Kisha wakatoa sheria ya kusafisha hewa 1956, moshi ukapungua, madoa yakaingia mjini. Huku kwetu miaka shimini ya kiwanda ya hapa mjini inafuka mchana na usiku, rozi za Makomeno zilikuwa safi, sasa naona madoa. Na volkano inatoa gesi ile ile ya kiberiti.

MwanaKatuba
Mzee umetuua. Njo jibu.

Kijana_Ndosho
Apana, ngoja. Moshi ya Nyiragongo mara mingi upepo inaupeleka mangaribi, Rusayo, Sake, mpaka Masisi. Wale njo wanalia na mvua ya asidi, maharagi na ndizi zinaungua majani. Kyeshero inapata mara moja moja tu. Na kingine, 22 Mei 2021 volkano ilipolipuka ile ziwa ya lava ya pale juu ilikauka, moshi ikapungua sana. Kama ni moshi inalinda rozi, mbona kisha 2021 rozi za Goma hazikuanza kuugua?

Mzee_Makomeno
Na ile volkano ingine, Nyamulagira, ilinyamaza pia?

Kijana_Ndosho
Hapana, lakini ile iko mbali zaidi, na moshi yake nayo inaenda kule kule.

MwalimuKadutu
Na moshi unaotosha kuua kuvu unaunguza na rozi yenyewe. Mama kasema majani safi.

Mzee_Makomeno
Uingereza haikuunguza. Waliipanda mpaka mbele ya viwanda.

FundiHimbi
Upepo wa ziwa pia musisahau, Kyeshero kila mchana unavuma, jani linakauka kwa nusu saa. Dada wa Bukavu rozi yake iko wapi hasa? Kando ya ukuta? Chini ya muti?

MamaKyeshero
Nimemupigia. Iko chini ya avoka.

YayaNguba
Zangu hakuna avoka na zinaugua!

Tantine_Panzi
Mimi niko na maajabu makubwa kuliko yenu. Rozi yangu nilinunua mwekundu, ua kubwa, miaka ikapita vizuri, sasa inatoa vimaua vidogo vyeupe vingi vingi mafungu mafungu, mti umerefuka unapita ukuta. Mwekundu imepotea. Jirani ananiambia ni mtu ananifanyia, mwingine anasema ni udongo umegeuka asidi, ile vile hortensia zinageuka buluu.

MwalimuKadutu
Hortensia ndiyo hugeuka kwa udongo, ukiwa na asidi unatoa buluu, ukiwa na chokaa unatoa waridi-waridi. Rozi haina tabia hiyo.

Bana_Birere
Kwa hiyo ni mtu anamfanyia.

Mgeni_Naivasha (Naivasha, mzaliwa wa Uvira)
Naingia sasa hivi maana hii ndiyo kazi yangu, niko kwenye mashamba ya maua huku Kenya. Mama Panzi, rozi yako ilikuwa imebandikwa. Rozi nyingi za biashara ni miti miwili: juu ni aina nzuri ya maua, chini ni mizizi ya aina ya mwitu yenye nguvu. Huku wanapenda kutumia inayoitwa Natal Briar. Kwingine multiflora, na hiyo ndiyo inatoa vimaua vyeupe vya mafungu kama unavyosema. Chini ya pale palipobandikwa, penye kijivimbe, mizizi ilitoa matawi yake, ukayaacha yakakua, yakala chakula chote, ile nyekundu ikafa. Chimbua mpaka uone tawi linatokea wapi kwenye mzizi, ulivute ling'oke, usikate na sekateri (mkasi wa bustani) maana ukikata linarudi mawili.

Tantine_Panzi
Na nyekundu haiwezi kurudi?

Mgeni_Naivasha
Kama kuna tawi lake hata moja juu ya kivimbe, ndiyo. Kama hakuna, una rozi ya mwitu, na inanukia vizuri, ibaki nayo.

MamaKyeshero
Sasa Mgeni, hii inajibu yangu pia? Yangu na ya dada tulikata ku mama, haina kubandikwa.

Mgeni_Naivasha
Ya kwako imesimama kwa mizizi yake mwenyewe, hata ikitoa tawi toka chini ni aina ile ile. Ila kuhusu madoa nawaza kitu kingine kabisa: labda wewe ulikata kijiti kisafi ukakipeleka mahali ambapo jirani hana rozi, na ugonjwa haujafika tu kwako. Siku mtu atakuletea rozi nyingine ya sokoni yenye madoa, utaona kama makoro yatakutetea. Huku ndani ya nyumba za plastiki mvua haigusi jani, madoa meusi hayatusumbui hivyo, tunasumbuliwa na ule unga mweupe na utitiri.

Kijana_Ndosho
Yaani tuko na makoro, changarawe, upepo, moshi, avoka, na bahati. Tupige kura?

MwanaKatuba
Mi niko na moshi na mzee wangu. Lakini swali: mi nilipata buke (shada) ya rozi ku harusi, ya Kenya kabisa, nilisoma unakata kijiti unachoma mu kirayi (kiazi), unafukia vyote, kirayi inakunywesha rozi, inatoa mizizi. Nimefanya. Kuko mwenye alishafanikiwa?

FundiHimbi
Ile kirayi inaoza, inaozesha na kijiti. Chukua tawi la unene wa penseli, lenye lishatoa ua, kata chini ya jicho (pale chipukizi linatokea), toa majani bakisha mawili, choma mu muchanga na udongo nusu nusu, funika na chupa ya plastiki umekata kitako, kivulini. Usivute kila siku kuangalia.

Mgeni_Naivasha
Na za buke zinakaa siku nyingi kwenye baridi bila mizizi, zimechoka, na huwa ni laini. Zinaota chache. Pia nyingine zina haki za mwenye aina, kupanda nyumbani sawa lakini kuuza miche yake si sawa.

Mzee_Makomeno
@MwanaKatuba na kwa Katuba adui wako ni mchwa, hata kijiti kikiota. Mi udongo wa kichuguu natumia, una chokaa kuliko udongo wetu wa kawaida, lakini nauponda na kuuanika jua kwanza, la sivyo umeleta mchwa nyumbani kwa mikono yako.

YayaNguba
Na wale wadudu wa kijani wanajaa ku vichwa vya rozi? Mi napuliza maji ya sabuni.

Tantine_Panzi
Sabuni inatosha, kidogo tu, na asubuhi. Zamani mama yangu alikuwa anatumia pireti (pareto) kavu ya Masisi, anasaga. Na angalia chungu, wakipanda mti wanaenda kuwachunga wale wadudu.

Kijana_Ndosho
Mi nataka biashara. Valantini rozi moja hapa Goma wanauza bei ya kuku. Nikikata matawi ya miti yangu lini itachanua tarehe 14 mwezi wa pili?

Mgeni_Naivasha
Kutoka kukata mpaka kuvuna ni wiki sita hadi nane, inategemea aina na baridi ya mahali. Sisi tunakata mwezi wa kumi na mbili. Wewe huko Goma nawe usingoje Noeli. Kata juu ya jicho linaloangalia nje, mwinamo, maji yasikae.

FundiHimbi
Mimi kwa Himbi nakata mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili na bado kuko mwaka zilichelewa, zikafunguka siku mbili kisha Valantini. Nikauzia watu wa mazishi.

Bana_Birere
Mapenzi yaliisha, maua yakabaki. Endelea.

Mgeni_Naivasha
Mwaka huo mawingu yalikuwa mengi? Mwanga ukipungua zinachelewa.

FundiHimbi
Mi nasema ni aina. Nyekundu yangu ni ya zamani, inajiamulia.

MwanaKatuba
Jamani narudia na habari ya kirayi. Imetoa!

YayaNguba
Rozi??

MwanaKatuba
Kirayi. Majani ine. Rozi imekuwa nyeusi.

Tantine_Panzi
Ukivuna utugawie. Na @FundiHimbi ile changarawe ya makoro, kuna mtu anaweza kuniletea mifuko miwili na boti mpaka Bukavu, bei gani?